Sifa za Cheti Kisichoaminika

Kazi ya kuandika programu ina kero nyingi, na nyingi kati ya hizo zikiondoka kesho sitazililia. Iko moja tu ninayoiombea maisha marefu: kero ya kutengeneza cheti cha majaribio. Naisifu kwa moyo mweupe, na ningependa kila kijana wa Tabora anayejifunza kazi hii aonje uchungu wake mapema, kabla hajakabidhiwa mfumo ambao watu watapitishia pesa zao au taarifa za magonjwa yao.

Kwa asiyekifahamu, cheti ni faili fupi. Ndani yake mna jina la seva, ufunguo wake wa umma, tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kukoma, na mwishoni sahihi ya anayekithibitisha. Kufuli ambayo baadhi ya vivinjari huionyesha unapofungua tovuti ya benki imesimama juu ya faili hilo. Benki hupata sahihi kutoka kwa mamlaka ya vyeti inayotambuliwa dunia nzima. Fundi aliyeketi na kompyuta yake Cheyo au Isevya hapa Tabora, programu yake ikiwa bado haijatoka, hana wa kumtilia sahihi, kwa sababu seva yake haina hata jina la hadharani. Basi hujitengenezea cheti mwenyewe, akakisaini mwenyewe, na kivinjari kikikiona kinakikataa. Kinatandaza ukurasa mzima wa onyo, kinasema mawasiliano haya si salama, kinamtaka arudi alikotoka.

Hapo ndipo vijana wengi hukata tamaa, na hapo ndipo mimi huanza kufurahi.

Tuliangalie jambo lenyewe kwa karibu. Fundi anafungua terminali, ile skrini ya maandishi matupu, na kuandika:

openssl req -x509 -newkey rsa:2048 -keyout ufunguo.pem -out cheti.pem

OpenSSL, programu ya kutengeneza funguo na vyeti, inaanza kwa kutafuta namba. Kwenye skrini zinatokea nukta, nukta tena, halafu alama za kujumlisha, halafu nukta nyingine. Kila nukta ni namba kubwa mno iliyookotwa kwa bahati nasibu ili ipimwe kama ni namba tasa, na kila alama ya kujumlisha ni kipimo ambacho namba hiyo imekipita. Zinatakiwa mbili, kila moja ya tarakimu 309. Zikipatikana zinazidishwa, na ufunguo umezaliwa. Kwenye kompyuta mpya yote hayo huisha kabla hujavuta pumzi. Kwenye mashine kuukuu za vyumba vya mafunzo nukta hutambaa taratibu, na mimi huwaomba wanafunzi wasiangalie pembeni. Ni mara chache katika kazi hii mtu anapata kuona siri ikitengenezwa mbele ya macho yake.

Kisha yanakuja maswali. Neno la siri la kuulinda ufunguo. Halafu nchi, na jibu limewekwa tayari: AU, yaani Australia. Halafu mkoa, mji, taasisi. Taasisi nayo ina jibu lililowekwa tayari, kampuni iitwayo Internet Widgits Pty Ltd, ambayo haipo popote. Mabaki hayo yametoka kwa SSLeay, programu ya Eric Young na Tim Hudson waliokuwa wakifanya kazi Australia, ambayo Desemba 1998 ilirithiwa na kundi jingine la watu wakaiita OpenSSL. Robo karne na zaidi imepita na majibu hayo yamebaki palepale. Anayebonyeza Enter, Enter, Enter bila kusoma hupata cheti kinachodai kwamba seva yake, iliyoko hatua chache kutoka soko kuu la Tabora, ni mali ya kampuni ya Australia.

Nayapenda maswali hayo kuliko ninavyoweza kueleza. Yanakutaka useme wewe ni nani na uko wapi. Andika TZ. Andika Tabora. Andika jina la taasisi yako, na ukishaliandika ujue kwamba ufunguo uliozaliwa sasa hivi unasema kwa niaba yake. Mwanafunzi aliyezoea kubofya "nakubali" bila kusoma anaulizwa kwa mara ya kwanza jambo ambalo jibu lake litabaki kwenye faili, na atakapolifungua faili hilo kwa openssl x509 -in cheti.pem -noout -text, atajikuta analisoma jibu lake mwenyewe. Ataona pia mistari miwili inayofanana kabisa: mwenye cheti, na aliyekitoa. Ni mtu yule yule. Kivinjari kilipokataa kilikuwa kimeona hicho tu, kwamba mtu huyu anajidhamini mwenyewe.

Mji huu umeishi miaka mingi na swali la nani anamdhamini nani. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ambao biashara yao yote ilikuwa juu ya kuaminiana na watu walio mbali. Merikani, kaniki, shanga na nyaya zilizoshushwa hapa na wapagazi Wanyamwezi zilikuwa zimekopwa Unguja. Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, ambaye baba yake, Muhammad bin Juma, alikuwa na makazi Tabora. Pembe za ndovu zilizotoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zilishuka kwa njia hii kwenda kulipa madeni ya namna hiyo. Watu waliotekwa walipitishwa njia hiyo hiyo wakiwa na minyororo shingoni, na sisemi neno lolote la sifa juu ya biashara ile. Ninachokitazama ni namna imani ilivyokuwa inasafiri.

Misafara ile ilitanguliwa na kirangozi, na mara nyingi mbele yake kulikuwa na bendera nyekundu ya Unguja. Bendera ilionekana kutoka mbali na ilisema mengi. Lakini kitambaa chekundu kila mwenye sindano aliweza kukishona. Bendera pekee ilikuwa dai la mwenye msafara juu ya nafsi yake. Kilichompa mtu mali ya mkopo katika Tabora ni jambo la aina nyingine: fulani wa hapa anafahamika kwa fulani wa Bagamoyo, na huyo wa Bagamoyo anafahamika Unguja, na Unguja kuna mtu ambaye neno lake halihitaji kuthibitishwa na mwingine. Dai la mtu wa bara lilipimwa kwa kurudi nyuma kiungo kwa kiungo mpaka pwani, na likikatika katikati halikuwa na thamani.

Vyeti hufanya kazi hivyo hivyo, na ndiyo sababu namsihi fundi asiishie kwenye cheti cha kujisaini. Afuate njia ndefu zaidi. Kwanza atengeneze mamlaka yake ndogo ya majaribio, yenye ufunguo wake na cheti chake. Huo ndio mzizi. Pili, seva itengenezewe ufunguo wake na iandike ombi la cheti. Tatu, mzizi ulisome ombi hilo na kulitia sahihi. Amri zinakuwa tatu au nne badala ya moja, mafaili yanakuwa mengi, na mwanafunzi huchanganya lipi la nani. Achanganye. Akikosea, openssl verify inamjibu kwa namba. Kosa namba 18: cheti kimejisaini chenyewe. Kosa namba 20: mtoaji wa cheti hiki sijamwona. Kosa namba 10: muda umekwisha. Kosa namba 9: muda bado haujaanza. Sijui mwalimu mwingine anayejibu kwa ufupi na ukweli wa namna hiyo, tena bila kuchoka. Mtu aliyekutana na kosa namba 20 akakitafuta chanzo chake mpaka akagundua kwamba amesahau kuiambia programu mzizi uko wapi, ameshaielewa imani ya mtandao mzima.

Jina nalo lina ukali wake. Zamani ilitosha kuliandika jina la seva katika sehemu moja ya cheti, ile inayofupishwa CN. Tangu mwaka 2000 mwongozo wa intaneti uliwaelekeza watu waache mazoea hayo, na watu hawakuacha. Aprili 2017 kivinjari cha Chrome, katika toleo la 58, iliacha kuisoma sehemu hiyo. Asubuhi moja vyeti vya majaribio vilivyokuwa vinafanya kazi viliacha, na mafundi wengi wakalalamika. Tangu wakati ule majina yote lazima yaorodheshwe kwenye kiambatisho cha cheti, hivi:

-addext "subjectAltName=DNS:localhost,IP:127.0.0.1"

Lalamiko la kwanza la kila mwanafunzi ni kwamba ameliandika jina, mbona linakataliwa. Lalamiko la pili ni kwamba seva ile ile akiifungua kwa jina inakubali, akiifungua kwa namba ya anwani inakataa. Ni sawasawa kabisa. Jina na anwani ni madai mawili tofauti, na kila dai linataka kuandikwa. Mashine hapa haikisii kwamba "labda ni yule yule", na katika mambo ya fedha ningetamani na sisi binadamu tusingekisia.

Maana fedha ndipo jambo hili linapotugusa. GePG, mfumo wa serikali wa kukusanya malipo kwa njia ya kielektroniki, ulioanza mwaka 2017 chini ya Wizara ya Fedha, ndio unaotoa ile namba ya malipo ambayo kila Mtanzania siku hizi anaiita kontrol namba. Mfanyabiashara wa asali akilipa ushuru, mzazi akilipa ada ya chuo cha umma, mgonjwa akilipa hospitali ya serikali, nyuma ya namba hiyo kuna ujumbe uliosafiri kati ya mfumo wa taasisi na mfumo wa wizara. Ujumbe huo hubeba sahihi ya kidijitali iliyotiwa kwa ufunguo wa siri wa aliyeutuma, na anayeupokea huipima kwa cheti cha mtumaji. Kabla taasisi haijaruhusiwa kuingia kazini, fundi wake hupitia mazingira ya majaribio. Hutengeneza ufunguo na cheti kwenye terminali, huvifunga pamoja katika faili la pfx, huwasilisha cheti, hubaki na ufunguo, na huanza kusaini.

Na sahihi zinakataa. Zinakataa kwa sababu ya nafasi moja tupu baada ya alama, au kwa sababu programu yake imeongeza mstari mpya mwishoni mwa ujumbe baada ya kuusaini. Kwa jicho la mtu ujumbe ni ule ule. Kwa hesabu ya sahihi, herufi moja ikiongezeka ujumbe ni mwingine kabisa. Nimekaa na vijana usiku wakitafuta nafasi tupu kwenye ujumbe kama huo, michembe mezani na chai imepoa, na naapa kwamba hakuna somo la darasani lingewafundisha hivyo. Usiku ule walielewa kwamba sahihi inalinda kila herufi, na kwamba hiyo ndiyo sababu mtu wa katikati hawezi kuigeuza 10,000 ikawa 100,000. Kama mazingira ya majaribio yangekuwa mepesi, yakapokea ujumbe wenye sahihi mbovu "kwa sasa", wangelielewa jambo hilo siku ambayo pesa za mtu zimeshapotea.

Sasa nifike kwenye tarehe, ambazo ndizo zinachukiwa kuliko vyote.

Ukitengeneza cheti cha kujisaini bila kutaja muda, OpenSSL hukipa siku 30. Siku ya 31 programu iliyokuwa inakwenda vizuri inasimama, na aliyekitengeneza ameshasahau. Hata wenye OpenSSL wenyewe yamewakuta: tarehe 1 Juni 2022 baadhi ya vyeti vya majaribio vilivyomo ndani ya msimbo wa OpenSSL viliisha muda, na waliojaribu kuijenga programu hiyo kuanzia siku ile waliona majaribio yake yakishindwa ingawa hakuna aliyegusa chochote. Dawa ya haraka ambayo vijana huipata upesi ni kuandika siku 36,500, ili kero isirudi tena maisha yao yote. Nawaomba wasifanye hivyo, na nikiwaeleza sababu huanzia Unguja.

Mwaka 1866 Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Uskoti, aliingia bara akiwa na barua ya Sultani Majid ya kumtambulisha kwa wafanyabiashara wa njia hii. Oktoba 1870 Majid alifariki, na Barghash akashika nafasi yake. Mwezi huo Livingstone alikuwa Manyema, mgonjwa, mbali na Ujiji. Kwa mtu wa bara ndani aliyeonyeshwa barua yenye sahihi ya Majid, hakukuwa na namna ya kujua kwamba mwenye sahihi hayupo tena. Karatasi haikubadilika. Habari za kuitengua zilikuwa zinatembea kwa miguu. Mtandao wa leo una udhaifu huo huo zaidi ya watu wanavyodhani: cheti kikiibiwa, mamlaka inaweza kutangaza kwamba kimefutwa, lakini vivinjari vingi havisubiri kuisikia habari hiyo kila mara. Ulinzi wa kutegemewa ni cheti kujifia chenyewe upesi. Ndiyo maana Let's Encrypt, iliyoanza kugawa vyeti vya bure mwaka 2015, ilichagua siku 90. Ndiyo maana pia kikao cha mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari kiliamua mwezi Aprili 2025 kwamba vyeti vya hadharani, vilivyokuwa vinaruhusiwa kuishi siku 398, vishuke hadi siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 mwaka 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Fundi aliyezoea kuzalisha vyeti vyake vya majaribio kila mara ataipokea 2029 kwa utulivu. Yule wa siku 36,500 atalia.

Tarehe iliyoandikwa juu ya kitu ina faida nyingine, ya kufichua uzembe. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alipofika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwezi Juni 1871, mizigo ya Livingstone ilikuwa imekwama huku, na pamoja nayo mfuko wa barua uliofungwa na kuandikwa kwa nje tarehe 1 Novemba 1870. Vita vya mtemi Mirambo wa Wanyamwezi na Waarabu viliifunga njia ya Ujiji mwaka ule, na Stanley alilazimika kuzunguka kusini. Alimfikishia Livingstone mfuko huo Novemba 1871, mwaka mmoja mzima tangu tarehe iliyoandikwa juu yake. Bila tarehe ile, kila aliyehusika angesema barua zimeondoka pwani juzi tu. Kwa sababu iliandikwa, ilijulikana kwamba msafara ulikawia Bagamoyo miezi kadhaa kabla haujapiga hatua ya kwanza.

Kuna tatizo la tarehe ambalo sisi wa huku tunalifahamu kuliko wa London. Umeme unakatika, kompyuta ya mezani inazima, na betri ndogo ya saa kwenye ubao mama, ile ya mviringo kama sarafu, imekufa zamani. Umeme ukirudi, kompyuta inaamka ikiamini kwamba ni tarehe mosi Januari ya mwaka iliyotengenezwa. Kila cheti inachokutana nacho ni cha miaka mingi ijayo: kosa namba 9, muda bado haujaanza. Mtumiaji anaambiwa tovuti zote ni hatari na anadhani amepata virusi. Fundi aliyewahi kukaa na vyeti vya majaribio hutupa jicho kwenye saa ya pembeni, hununua betri ya bei ya soda, na kazi imekwisha. Asiyewahi hufuta kila kitu na kuweka Windows upya, na mteja analipia.

Adui wa yote haya ni njia ya mkato. Kwenye curl, programu ya kuvuta kurasa za mtandao kwa terminali, inaitwa -k. Kwenye lugha nyingine za programu ni neno moja la kuiambia programu isikague cheti. Ukiliweka, onyo linatoweka, kijana anapumua, na anajiambia ataliondoa baadaye. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na Chuo Kikuu cha Texas cha Austin walichunguza programu zilizokuwa zinatumika kweli, zikiwemo za kuunganisha maduka na huduma za malipo, wakakuta ukaguzi wa vyeti umevunjika katika nyingi kati yake. Mawasiliano yalisimbwa kama kawaida. Tatizo ni kwamba yalisimbwa kwenda kwa yeyote aliyejitokeza, na huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi nalihesabu neno hilo la kuzima ukaguzi kuwa kosa kubwa kuliko nywila dhaifu, kwa sababu nywila dhaifu inahatarisha mtu mmoja, na hili linahatarisha kila atakayewahi kuitumia programu. Kero ninayoisifu ndiyo bei ya kutoliandika. Ni dakika chache za kutengeneza mzizi wa majaribio na kuuambia mfumo uuamini mzizi huo peke yake, na ukaguzi unabaki macho tangu siku ya kwanza.

Lakini mzizi wa majaribio nao ni moto, na sitamdanganya mtu. Ukiuweka kwenye kompyuta yako, yeyote mwenye ufunguo wake anaweza kukuigizia tovuti yoyote. Mwaka 2015 ilibainika kwamba baadhi ya kompyuta za Lenovo zilikuwa zimeuzwa na programu ya matangazo ya Superfish ndani yake, pamoja na mzizi wake wa vyeti, na ufunguo wa siri wa mzizi huo ulikuwa ni ule ule katika kompyuta zote. Aliyeutoa kwenye moja alikuwa ameupata wa zote. Kwa hiyo mzizi wa majaribio ni wa mtu mmoja na mashine moja, haupelekwi kwa mwenzako kwa WhatsApp, na haupandishwi pamoja na msimbo kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hata bahati nasibu yenyewe inaweza kuharibika. Kati ya mwaka 2006 na 2008, mabadiliko madogo kwenye OpenSSL ya mfumo wa Debian yaliondoa karibu utata wote uliohitajika kuzalisha funguo, zikabaki funguo 32,768 tu zinazowezekana kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kwenye aina moja ya kompyuta. Nukta zilitambaa kwenye skrini vilevile, alama za kujumlisha zikajitokeza vilevile, na kila kitu kilionekana sawa kwa karibu miaka miwili, mpaka mtaalamu Luciano Bello alipoligundua kosa hilo. Tangu nilipoisoma habari hiyo sijawahi kutumia ufunguo wa majaribio kwenye kazi ya kweli, hata ukiwa mzuri kiasi gani.

Njia yangu ni hii. Amri zote za kutengeneza mzizi, ombi na cheti naziandika kwenye skripti moja, inakaa na mradi, na kila anayejiunga anaiendesha siku ya kwanza akapata vyeti vyake mwenyewe. Muda nauweka siku 7. Wenzangu hunung'unika kila wiki, na nawaacha wanung'unike, kwa kuwa mkono uliozoea kuzalisha vyeti kila wiki hautetemeki cheti cha kweli kinapokufa saa nane usiku.

Na mara moja moja mmoja wao hukifungua cheti kipya, akakisoma mstari kwa mstari, akauliza kwa nini namba ya cheti ni ndefu na ya ovyo hivyo. Si ingetosha kuanza 1, 2, 3? Hapo kazi inasimama kidogo na tunarudi Desemba 2008, watafiti walipoonyesha mjini Berlin kwamba wametengeneza mamlaka bandia ya vyeti ambayo vivinjari vyote viliiamini. Walitumia mashine za kuchezea michezo za PlayStation 3 zipatazo 200 kupiga hesabu, na udhaifu wa njia kongwe ya kufupisha ujumbe iitwayo MD5. Lakini hesabu yao isingewezekana kama mamlaka halisi waliyoilenga isingekuwa inavipa vyeti vyake namba zinazofuatana, kiasi kwamba waliweza kubashiri namba ya cheti kijacho. Tangu Septemba 2016, kila cheti cha hadharani lazima kiwe na namba yenye angalau biti 64 za bahati nasibu.